Kwenda Firenze: maswali mnayoniuliza kila wiki kuhusu sanaa, msosi na shopingi

Nimeishi Toscana, mkoa wa Italia wenye mji wa Firenze, miaka kadhaa sasa, na kila msimu wa joto ukikaribia simu inajaa meseji za ndugu na marafiki kutoka Dar, Mombasa, Kampala, wengine Muscat na London, wote wanauliza yaleyale: nikienda Firenze nione nini, nile nini, ninunue nini na nisiibiwe wapi. Nimeamua kuyaandika yote hapa sehemu moja. Mengi nimeyajua kwa kuwatembeza wageni wangu mwenyewe, kwahiyo mtaona pale ninapopapenda napazungumzia sana.

Firenze na Florence ni mji mmoja?

Ndio, mji mmoja. Florence ni jina la Kiingereza, wenyewe wanasema Firenze, na kwenye tiketi ya treni utaona Firenze S. M. Novella. Hiyo ndio stesheni ya katikati, ukishuka pale unatembea kwa miguu mpaka kila kitu. Kuna vituo vingine kama Rifredi na Campo di Marte, treni nyingine zinasimama huko, usiparamie kushuka ukisikia tu neno Firenze.

Viza inakuwaje?

Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mkongo, wote tunahitaji viza ya Schengen. Kama Italia ndio utakakokaa siku nyingi zaidi basi unaomba Italia. Unaruhusiwa kuanza kuomba miezi 6 kabla ya safari, na usisubiri ikabaki chini ya siku 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90, bima ya safari lazima ifike angalau euro 30,000, na pasipoti iwe na uhai wa miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya. Ushauri wangu ni mmoja tu, omba mapema, maana nafasi za miadi wakati wa joto zinajaa haraka sana na nimeona watu wameshakata tiketi ya ndege alafu wanahangaika.

Ndege inatua wapi?

Firenze ina uwanja wake mdogo unaitwa Peretola, kutoka pale unapanda tramu ya T2 unaingia mjini, haizidi nusu saa. Ila kutoka kwetu wengi wanatua Roma au Milano alafu wanapanda treni. Roma mpaka Firenze kwa treni ya kasi ni kama saa moja na nusu hivi, na tiketi ukikata mapema bei inashuka sana. Ukipanda treni ya kawaida ya mkoa na tiketi yako ni ya karatasi, igonge mhuri kwenye kimashine kilichopo stesheni kabla hujapanda, usipogonga ni faini hata kama umelipa nauli.

Gari la kukodi sishauri kabisa. Katikati ya mji kuna eneo linaitwa ZTL, gari la mgeni haliruhusiwi na kamera zinapiga picha namba, faini inakufuata mpaka nyumbani miezi imepita umeshasahau.

Siku ngapi zinatosha?

Siku 3 kamili, na hapo nimebana. Wapo wanaokuja asubuhi kutoka Roma wanarudi jioni, wanapiga picha kanisa kuu, wanapiga picha daraja, wanaondoka hawajaona kitu. Mji wenyewe wa zamani ni mdogo, unauvuka kwa mguu kama nusu saa tu, kinachokula muda ni vilivyomo ndani. Mimi wageni wangu nawapangia jumba moja la makumbusho kwa siku basi, asubuhi, mchana tunakula, jioni tunazurura. Ukiweka mawili kwa siku moja la pili hutaliona, miguu inauma na macho yamechoka, utakuwa unapita tu mbele ya picha.

Uffizi na Accademia, yale majumba ya makumbusho, niende ipi kama hela ni ya moja?

Ukitaka kumuona Daudi, ile sanamu ya Michelangelo, nenda Accademia. Ukitaka picha za kuchora, Uffizi. Zote zinafungwa Jumatatu, hili naomba mlishike kabisa, maana kila mwaka kuna mgeni wangu mmoja anafika Jumapili usiku na kuondoka Jumanne alfajiri. Tiketi nunua mtandaoni mapema na uchague saa yako. Jumapili ya kwanza ya mwezi kuingia ni bure ila foleni yake jiandae.

Daudi mwenyewe ana urefu wa mita 5.17. Lile jiwe la marumaru lilikuwa limeharibiwa na mafundi waliotangulia, likakaa kama miaka 25 hakuna wa kuligusa, ndio akaja kijana wa miaka 26 mwaka 1501 akaambiwa hebu jaribu, akamaliza 1504. Ni Daudi yuleyule wa Jaluti tunayemjua kwenye Biblia na Kurani, ila hapa Jaluti hayupo, pambano halijaanza bado. Zunguka upande wake wa kulia uangalie ule mkono unaoshika jiwe, mishipa imesimama kama ya mtu aliyebeba ndoo ya maji, alafu panda na macho mpaka usoni uone alivyokunja nyusi. Kombeo limelala begani kushoto. Watu wengi wanasimama mbele tu wanapiga selfi, hawazunguki.

Na yule aliyesimama nje Piazza della Signoria ni nakala, iliwekwa 1910. Wa kweli alihamishwa kuingizwa ndani 1873.

Mimi sijasomea sanaa, Uffizi nitaangalia nini sasa?

Hili ndio swali ninalolipenda kuliko yote. Huhitaji kusomea. Jumba lina vyumba vingi mno, ukitaka kuona vyote utatoka na kichwa kinauma. Chagua picha 6 au 7 na kila moja uipe dakika 10.

Mimi naanza na ya Gentile da Fabriano ya mwaka 1423, wale mamajusi wanaomletea zawadi mtoto Yesu. Imejaa dhahabu, farasi, nyani, watu wamevaa mpaka basi, tajiri wa benki mmoja ndio alilipia. Sogea mpaka pale mlinzi anapokuruhusu uangalie lile duara la dhahabu nyuma ya kichwa cha Bikira Maria, na la Yusufu. Utaona herufi kama za Kiarabu zimezunguka. Nilimpeleka mama mmoja wa Unguja, amesoma chuo cha Kurani tangu utotoni, akasimama pale anainamisha kichwa huku na huku anajaribu kusoma, mwisho akaniambia mwanangu hii mbona haisomeki. Na kweli haisomeki. Vitambaa na vyombo vya shaba vya nchi za Kiislamu vilikuwa vinafika Italia kwa biashara, mafundi wakayapenda yale maandishi kwa uzuri wake wakayaiga bila kuyajua, wakayaweka kichwani kwa Bikira Maria kama pambo. Tulikaa pale karibu nusu saa, na yeye alinieleza mimi vitu ambavyo miaka yote sikuwa nimevijua, herufi ipi inataka kufanana na ipi na wapi yule fundi alichanganya.

Baada ya hapo nenda kwa Botticelli, Venus kwenye kombe na ile ya masika, hapo patakuwa na watu wengi vumilia. Kuna ya Leonardo da Vinci aliyoichora akiwa kijana, malaika anamletea Mariamu habari. Kuna Artemisia Gentileschi, mwanamke aliyechora Yudithi akimkata kichwa Holoferne, hiyo wenye watoto wadogo muangalie kwanza nyinyi.

Na mtafuteni Alessandro de' Medici aliyechorwa na Vasari, kakaa na deraya ya chuma. Huyu ndio mtawala wa kwanza wa Firenze kuitwa dyuki, 1532 mpaka alipouawa na ndugu yake 1537, watu walimuita il Moro, yaani mtu mweusi, na wanahistoria wengi wanaamini mama yake alikuwa mtumishi mwenye asili ya Afrika. Waafrika tunapita hapo hatujui.

Hivi vitu vyote vimebakije mji mmoja miaka yote hiyo?

Kwa sababu ya mwanamke mmoja, Anna Maria Luisa de' Medici. Ukoo wa Medici, wale mabenki waliotawala hapa, ulikuwa unaisha, kaka yake alikufa 1737 bila mtoto na nchi ikachukuliwa na watawala wengine. Kila mtu alijua kinachofuata, mali zinapakiwa kwenye mikokoteni zinaenda. Yeye akasaini mkataba mwaka huohuo, kwamba picha, sanamu, vitabu, vito, vyote anaviacha ila kwa sharti kwamba hakuna kitakachotolewa Firenze, viwe vya watu wote na viwavutie wageni. Wageni wametajwa kabisa kwenye mkataba, yaani wewe. Alikufa 1743, na Uffizi ikafunguliwa rasmi kwa watu wote 1769. Kabla ya hapo lile jengo lilijengwa kuanzia 1560 liwe maofisi ya serikali, na jina Uffizi maana yake ni hiyohiyo, ofisi. Mimi nikipita pale huwa namuombea yule mama.

Kupanda juu ya lile kuba jekundu la kanisa kuu inawezekana? Mama yangu ana miaka 65.

Inawezekana ila ngazi ni 463 na lifti hamna. Njia ni nyembamba, inapita katikati ya kuba mbili, ya ndani na ya nje, sehemu nyingine bega linagusa ukuta, na ukishaanza kugeuka njiani ni shida. Mwenye magoti, pumu au anayeogopa sehemu zilizobana asipande. Tiketi yake ina saa maalum, ukichelewa imekula kwako.

Mama mkalishe chini kwenye kivuli umuoneshe kwa nje, ni kuzuri tu. Kanisa lilianza kujengwa 1296, likafika mahali pa kuezeka hakuna anayejua ataliezekaje kwa upana ule, zaidi ya miaka 100 imepita ndio Brunelleschi akaanza 1420, bila zile nguzo kubwa za mbao za kushikilia kutoka chini, akamaliza 1436. Matofali zaidi ya milioni 4. Siri mojawapo ni namna alivyoyapanga, mengine yamelala mengine yamesimama kama mifupa ya samaki ili yashikane yasidondoke kabla udongo haujakauka. Kuingia kanisani chini ni bure, ila mabega na magoti yafunikwe, leso au mtandio mmoja kwenye pochi unatosha. Hijabu haina tatizo lolote.

Msosi! Nile nini?

Anza na lampredotto. Ni tumbo la nne la ng'ombe, linachemshwa taratibu na kitunguu, nyanya na mboga, wanalikata vipande wanatia kwenye mkate, ile sehemu ya juu ya mkate wanaichovya kwenye supu yake, juu wanapaka sosi ya kijani ya majani na nyingine ya pilipili. Inauzwa kwenye vibanda barabarani, unakula umesimama na mafundi na madereva. Ni chakula cha watu wa kazi tangu zamani na bei yake bado ya kibinadamu. Wageni wengi wa Ulaya wanaikimbia, sisi tuliokulia supu ya utumbo asubuhi tunafika pale kama nyumbani. Mjomba wangu alikula tatu mfululizo.

Ribollita ni mboga za majani nyeusi, maharage na mkate wa jana, inapikwa inarudiwa tena, ni nzito inashibisha. Pappa al pomodoro nayo ni nyanya na mkate. Na huo mkate wao hauna chumvi, usidhani mpishi kasahau, ndio mkate wa Toscana ulivyo, maana vitu vinavyoliwa nao vina chumvi ya kutosha.

Sasa ile nyama maarufu, bistecca alla fiorentina. Hapa sikilizeni vizuri. Ni pande la nyama na mfupa wake, mara nyingi linafika kilo moja na zaidi, na bei kwenye menyu inaweza kuandikwa kwa etto, yaani gramu 100. Shemeji yangu aliona euro 6 akasema mbona rahisi, tukaletewa pande la kilo na nusu na bili ya euro 90 ya nyama peke yake. Hawakutuibia, iliandikwa pale, sisi ndio hatukusoma. Pia inaletwa ndani nyekundu, damu inaonekana, na ukimwambia mpishi aiivishe kabisa wengine wanakataa. Kama wewe ni wa nyama iive, agiza peposo, nyama ya ng'ombe iliyopikwa masaa mengi na pilipili manga mpaka inaachana yenyewe. Wanasimulia kuwa waliokuwa wanachoma matofali ya lile kuba, huko Impruneta, walikuwa wanaipika pembeni ya tanuru. Ila inapikwa na divai nyekundu, Waislamu mjue.

Kahawa kunywa umesimama kaunta, ukikaa mezani bei inapanda. Neno coperto kwenye bili ni hela ya kukaa mezani, ni halali. Maji ya bomba ni salama, kuna kisima cha umma cha kujaza chupa karibu na Palazzo Vecchio. Aiskrimu iliyopandishwa kama mlima na rangi kali achana nayo, pistachio ya kweli rangi yake imefifia kidogo.

Mimi Muislamu, nitakula nini?

Utakula, ila uliza. Nguruwe anajificha sehemu nyingi: prosciutto na salami mnazijua, finocchiona ni soseji ya nguruwe, arista ni nguruwe wa kuoka, na neno strutto maana yake mafuta ya nguruwe, huwa yanatiwa kwenye baadhi ya mikate na keki. Schiacciata, mkate wao bapa, ya mafuta ya zeituni na jibini ni chakula kizuri cha mchana. Cantucci, vile vibiskuti vya lozi, kula vikavu, maana kawaida vinaletwa na divai tamu ya kuchovya. Nyama ya halali ipo, mitaa ya karibu na stesheni na soko la San Lorenzo kuna maduka na vibanda vya kebabu vya Waarabu na Wapakistani.

Ngozi ya San Lorenzo ni ya kweli au feki?

Zote zipo, kwenye meza moja. Firenze na vijiji vya bonde la mto Arno kuelekea Pisa wamekuwa wakitengeneza ngozi karne na karne, ila sio kila kinachouzwa mtaani kimetoka huko. Angalia hivi. Pitisha kidole kwenye kingo za begi, pale ilipokatwa: ngozi ya kweli utaona nyuzinyuzi zake, ile ya plastiki imepakwa rangi nene kama mpira. Nusa. Angalia ndani chini ya bitana kama kuna pembe iliyoachwa wazi. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti, wanaiita conciata al vegetale, ukiikwaruza polepole kwa ukucha inaacha alama, ukiisugua kwa kidole alama inafifia. Na kama begi kubwa la kike linauzwa euro 25 basi bei yenyewe imeshakujibu.

Kuongea bei kwenye vibanda ni kawaida, kwa adabu na tabasamu, dukani hapana. Ukitaka kuona mafundi wenyewe wakikata na kushona nenda Scuola del Cuoio, nyuma ya kanisa la Santa Croce. Ilianzishwa na mapadri wa Kifransisko na familia mbili za watengeneza ngozi baada ya vita kuu ya pili, kuwafundisha kazi watoto yatima. Bei zake ziko juu, ila nilinunua mkanda pale na bado naufunga. Ukitoka ingia kanisani kwenyewe, wamezikwa Michelangelo na Galileo.

Na dhahabu ya Ponte Vecchio?

Kwanza lijue daraja. Ni la 1345, zamani lilijaa mabucha, mwaka 1593 mtawala akachoka na harufu akawatoa wachinjaji akaleta masonara, mpaka leo. Mwaka 1944 Wajerumani wakiondoka walilipua madaraja yote ya mji hili tu wakaliacha.

Dada zangu mliozoea dhahabu ya Dubai na Muscat ya karati 21 na 22, hapa nyingi ni karati 18, tafuta mhuri wa 750. Unalipia ufundi zaidi ya uzito. Kama unataka dhahabu ya kuweka akiba, kanunue Gulf, hapa nunua kama umependa kazi ya mkono.

Kuna kurudishiwa kodi?

Kwa anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya, ndio. Manunuzi yazidi euro 70 duka moja, uonyeshe pasipoti, uombe fomu ya tax free palepale. Kodi ni asilimia 22 ila hutapata yote, kampuni za katikati zinakata chao. Siku ya kuondoka wahi uwanja wa ndege, mizigo iwe haijatumika na usiikabidhi kabla ya kupita forodha. Masoldi, yaani msimu wa maduka kushusha bei, yanaanza mwanzoni mwa Januari na mwanzoni mwa Julai.

Na mabegi feki ya majina makubwa yanayotandikwa chini kwenye shuka, usinunue. Sheria ya Italia inamtoza faini mnunuzi pia, inaweza kufika euro 7,000.

Mtu mweusi anasumbuliwa?

Nitasema ukweli. Mtalii mara nyingi anapita vizuri, watu wanajibu salamu ukianza wewe na buongiorno. Lakini Wasenegali, ambao ni jamii kubwa hapa, wameumizwa: Desemba 2011 wawili waliuawa kwa risasi na mtu mwenye chuki ya rangi, na wengine wakajeruhiwa. Mji ulilia, maelfu waliandamana. Ukikutana nao wasalimie, wanafurahi sana kusikia umetoka Afrika Mashariki. Cha kuogopa kila siku ni vibaka wa kuchomoa simu, kwenye tramu, stesheni na foleni za kanisa kuu, pochi iwe mbele.

Lugha je?

Ukiwa na rafiki wa Malindi, kule pwani ya Kenya walikojaa Waitaliano, mbebe, nasema kweli, nimeona vijana wa kule wanaongea Kiitaliano mpaka wenye maduka wanatoka nje kuwasikiliza.

Niende mwezi gani?

Aprili, Mei, mwishoni mwa Septemba na Oktoba. Julai na Agosti joto linapita 35, mji uko bondeni upepo hamna. Novemba mvua ila watu wachache, na tarehe 4 wanakumbuka mafuriko ya 1966, utaona vibao ukutani vya kuonyesha maji yalifika wapi, vingine viko juu ya kichwa chako.

Jioni ya mwisho nikae wapi?

Kila mtu atakwambia Piazzale Michelangelo kuangalia jua linazama. Nenda, alafu usiishie hapo, panda dakika chache zaidi mpaka kanisa la San Miniato al Monte. Watawa huwa wanaimba sala za jioni kwenye kripta, kile chumba cha zamani chini ya kanisa, kwa Kilatini, taa kidogo tu. Cheki saa mlangoni kwanza, kaa benchi la nyuma, simu zima. Ukitoka mji wote uko chini yako, taa zimewashwa, na kushuka ni mteremko tu mpaka mtoni.